Ujerumani Mashariki haikuwa dirisha na theluji

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini yale mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu ile filamu ya Ujerumani Mashariki, mkaisifu kwamba mwendo wake wa taratibu unamwonjesha mtazamaji maisha ya ukomunisti, yamenishinda kuyameza.

Niliitazama mpaka mwisho. Mama amesimama dirishani, hasemi kitu, kamera imemganda. Kisha theluji. Kisha magorofa. Kisha mama yule yule. Hatuambiwi alifanya kazi wapi, alilipa kodi kiasi gani, wala alimwogopa nani.

Mimi nilisoma Leipzig, mji wa Ujerumani Mashariki, miaka ya themanini. Watu niliowakuta hawakuwa na nafasi ya kukaa dirishani. Alfajiri kina mama walikuwa wameshapeleka watoto chekechea na wako kwenye tramu kuelekea kiwandani. Kila mtu alitembea na mfuko mwepesi umekunjwa kwenye koti, maana hujui njiani utakuta duka limeletewa nini. Ukiona foleni unaunga kwanza, unauliza baadaye. Mkate mdogo wa asubuhi ulikuwa pfennig 5, yaani senti za kule, lakini gari la Trabant ulilisubiri miaka zaidi ya 10. Jioni moja ya Desemba nilisimama foleni ya machungwa ya Kuba, yale ya kijani kijani yenye nyuzi. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anatoa vichekesho kuhusu wakubwa wa chama, watu wanacheka chini chini. Akaja mwanamume mmoja akaunga nyuma yetu. Mama yule akakatiza kichekesho katikati, akaanza kusema habari za baridi, na wote tukaitikia baridi. Hakuna aliyemjua yule mwanamume. Pengine naye alifuata machungwa tu. Hofu ya nchi ile ilikuwa hiyo, na ilienda mbio kuliko kamera yoyote! Mwaka 1989 Stasi, idara ya usalama na upelelezi ya nchi ile, ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na mashushushu wa siri wapatao 189,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Filamu nzima inaitaja Stasi mara moja, halafu inarudi kwenye theluji. Sasa kijana wa leo ataelewaje walichofanya watu wa Leipzig tarehe 9 Oktoba 1989, walipoingia barabarani wapatao 70,000 kuandamana dhidi ya serikali, na mishumaa mikononi, bila kujua kama watapigwa risasi? Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwezi mmoja baadaye. Usiku ule wa Leipzig haumo kabisa kwenye filamu.

Na yale magorofa yamepigwa picha kama makaburi. Waliohamia humo wengi walitoka kwenye nyumba kuukuu za jiko la makaa na choo cha kuchangia kwenye ngazi. Kupata fleti yenye maji ya moto ilikuwa sherehe. Sisi wa Kikwajuni na Kilimani hapa Unguja, tunaokaa kwenye nyumba zilizojengwa kwa msaada wa nchi ile ile baada ya Mapinduzi ya 1964, tunajua wazee wetu walivyozipokea. Serikali inaweza kukupa bomba na ikakusikiliza ukutani. Mwenye filamu alitakiwa aseme yote mawili.

Halafu kuna kituo cha televisheni kilichoirusha. Tafsiri ni ya Kiingereza peke yake, herufi nyeupe juu ya theluji nyeupe! Mke wangu aliuliza mara kadhaa wanasema nini, mwisho akaenda kulala. Matangazo ya sabuni yanapigwa kwa Kiswahili fasaha, tena kwa sauti ya kupasua masikio, lakini historia ndiyo inayokosa mkalimani.

Naomba kituo kiirudie Jumamosi saa tatu usiku, mtangazaji asome maelezo kwa Kiswahili, na zile dakika za dirishani zikatwe. Nafasi itakayobaki wapewe Wazanzibari na Watanganyika waliosoma Leipzig, Dresden na Berlin, waulizwe walikula nini, walilipa nini, na walinyamaza wakimwona nani. Wengi bado tuko hai na hatujaulizwa. Gazeti lako nalo linaweza kuanza hata kesho.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Zanzibar