Harambee ya Mazoezi ya Wazee: Viti 20, Bomba la Kushikia Ukutani na Nauli ya Bajaji

Bwana asifiwe, wapendwa wa usharika na majirani zetu wote wa Dodoma.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada, tutafanya harambee ya kuanzisha mazoezi ya wazee wa miaka 60 na kuendelea katika ukumbi wa kanisa. Tunahitaji Sh 3,000,000.

Misuli ya mapaja ikilegea, kuinuka kwenye kigoda au kuchuchumaa chooni kunakuwa mtihani. Mzee akishaogopa kuanguka anakaa muda mrefu zaidi, na huko kukaa kunazidi kumlegeza. Nguvu hiyo hurudi kwa mazoezi, hata kwa mwenye miaka 80. Mapitio ya tafiti ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya) ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu 23% kwa wazee wanaoishi majumbani. Tutafuata mtindo wa Otago, mpango wa mazoezi ya kuzuia wazee kuanguka uliobuniwa New Zealand: mara 3 kwa wiki, kama dakika 30, pamoja na kutembea. Siku 2 zitakuwa ukumbini, ya tatu nyumbani.

Siri kubwa iko mikononi. Mzee husimama nyuma ya kiti, akainua visigino mara 10, kisha akatanguliza mguu mmoja, kisigino chake kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, akatulia sekunde 10. Mwanzoni anashika kwa mikono yote miwili. Akizoea anashika kwa mmoja, baadaye kwa ncha za vidole, na mwisho viganja vinabaki juu ya kiti bila kukigusa. Anayeng'ang'ania kiti miezi yote, miguu yake haijifunzi kitu. Anayeachia kabla ya wakati ataangukia mazoezini.

Kwa sababu hiyo viti vya plastiki hatuvitaki kabisa: mzee akiegemea, miguu ya kiti hutanuka na kuteleza kwenye sakafu ya saruji. Seremala atatengeneza viti 20 vya mbao, vyenye kikalio cha sm 45 kutoka chini, visivyo na mikono, na kila mguu upigiliwe kipande cha tairi. Kimoja ni Sh 45,000, jumla 900,000. Bomba la kushikia ukutani, mita 12, likazwe kila baada ya mita moja (bomba linalocheza ni hatari kuliko kutokuwa nalo), 360,000. Mifuko ya turubai ya kujaza mchanga na kufunga vifundoni kama uzito wa mazoezi, jozi 20, 240,000. Mchanga wa korongo tunao, lakini turubai ishonwe mara mbili, maana mchanga ukivuja sakafu inateleza. Mashine ya presha 120,000. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuja mara 12 katika miezi 6, 600,000. Bajaji za wazee wa mbali, siku 52 kwa 15,000, ni 780,000.

Asiye na fedha alete mbao, turubai au tairi kuukuu. Ahadi zote ziandikwe kwa mhazini, ofisi ya usharika, na stakabadhi itatolewa.

Babu na bibi watakaojiandikisha waje na viatu vya kufunga, si ndala, pamoja na dawa wanazotumia. Anayepata kizunguzungu akiinuka au maumivu ya kifua aonwe kwanza na daktari.