Kichwa cha habari cha saratani kimewazuia wawili kupima

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20, tangu nilipokuwa bado nashika chaki, na katika muda wote huo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya habari ile ya Jumapili mbili zilizopita, iliyotangaza kwa wino mwekundu kwamba saratani ya mlango wa kizazi "imo kwenye damu ya ukoo".

Jioni ile tulikuwa watatu jikoni kwangu. Wifi yangu, aliyefika kutoka Kilosa, alikuwa na ungo mapajani akichambua mchele, na binti yangu mwenye miaka 34 alitusomea gazeti kwa sauti. Tulikwisha kubaliana kwamba Jumatano ningewasindikiza wote wawili kituo cha afya wakapime. Binti alipomaliza kusoma, wifi aliokota chuya moja, akaitupa, akasema bila kuinua macho, "Basi nendeni nyie, wifi. Kwetu ugonjwa huo haupo." Mama yangu mzazi, mkwe wake, ndiye aliyekufa kwa saratani hiyo. Binti naye akalikunja gazeti akaniuliza, "Kama imo kwenye damu ya bibi, mama, kupima kutanisaidia nini?" Jumatano nilifika kituoni peke yangu, kumwomba muuguzi ayafute majina mawili.

Nimefundisha baiolojia kwa miaka 31, na ninakiri kwamba habari yenu ilianzia kwenye jambo la kweli. Wanawake wenye maambukizi ya HPV, yaani virusi vinavyoenezwa kwa ngono na ndivyo vinavyosababisha saratani hii, hawafanani: wengi huviondoa virusi hivyo ndani ya mwaka mmoja au miwili bila hata kujua kwamba walikuwa navyo, na wachache hubaki navyo miaka mingi, hadi seli za mlango wa kizazi zianze kuharibika. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni, hasa zile za kundi la HLA zilizoko kwenye kromosomu ya 6, ambazo kazi yake ni kuzionyesha chembe za kinga vipande vya kirusi ili zimtambue adui. Watafiti wa Sweden waliochunguza kumbukumbu za ndugu wa damu walikadiria, mwaka 2000, kwamba karibu asilimia 27 ya tofauti za uwezekano wa kuugua baina ya wanawake inatokana na urithi. Mwandishi wako akaigeuza asilimia hiyo kuwa wanawake 27 katika kila 100 "waliozaliwa na saratani". Mwanafunzi wa kidato cha tatu angenijibu hivyo ningemrudisha kwenye dawati lake asome upya! Tena tofauti za vinasaba zenye uzito mkubwa zaidi zimo ndani ya kirusi chenyewe, kwa kuwa aina zake zinazidi 200, lakini mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kuugua inayokaribia mara 6 ya mwenzake asiye navyo, na hilo halisomwi kwenye kaburi la bibi wa mtu yeyote. Wifi yangu ameolewa miaka 18 na mdogo wangu, mtu wa safari nyingi. Sitasema zaidi ya hapo.

Halafu, chini ya habari hiyohiyo, mlichapisha tangazo la unga wa "kusafisha kizazi", lenye namba ya simu kubwa kuliko jina la gazeti. Msomaji mliyekwisha mwambia kwamba ugonjwa umo kwenye damu yake mlitaka aelekee wapi? Chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, hawa wangu wawili walikuwa wamekwisha pita umri, kwa hiyo kilichobaki kwao ni kupima.

Naomba basi nafasi ya tangazo lile, kwa upana uleule, itumike Jumapili nne mfululizo kueleza kwamba muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mashaka hugeuka nyeupe. Kwamba sehemu hiyo ikigundulika mapema huweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Na kwamba mwenye ukoo safi na mwenye ukoo uliozika wote hupimwa. Gharama zikiwa tatizo, zikateni kwenye pensheni yangu, ambayo hata hivyo hunifikia ikiwa imekwisha dokolewa. Wino uwe mwekundu. Na aliyetunga kichwa kile cha kwanza aje Morogoro nitampa ungo, akae na wifi yangu wachambue mchele, amweleze yeye mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro