Daftari Chini ya Godoro

Mwanjelwa, Mbeya

Mwanangu Lusajo,

Hujambo? Sisi wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi siwezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka nipashe vidole kwenye kikombe cha chai. Ndani ya boksi utakuta maparachichi kumi na mawili, karanga za kusaga, sabuni na sweta uliyoisahau kwenye kamba. Kondakta nimeshamlipa, asikudai tena.

Simu shuleni hamruhusiwi, ndiyo maana naandika. Lakini hata zingeruhusiwa ningeandika, maana nikisema kwa mdomo utanicheka nami nitacheka, yaishe kama yalivyoisha likizo. Unakumbuka nilikuuliza mbona hupigi tena zile nyimbo zako za rock za Linkin Park? Ukasema umezifuta zote. Ule ni muziki wa kulialia, bwenini walikuwa wanakuita Mzee wa Majonzi. Halafu ukasema, kama mtu anayetangaza ushindi, kwamba jina hilo sasa analo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, mmemsikia akiziimba akifua. Ukanionyesha kwenye simu vichekesho vya watu wanavyoidhihaki bendi ya Nickelback, tukacheka wote wawili mpaka baba yako akauliza kuna nini. Usiku nikakosa usingizi. Kicheko kile nilikuwa nakijua.

Mjomba wako alikuwa na kibanda cha video hapa Mwanjelwa, kabla soko halijaungua mwaka 2006. Televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao, turubai kwenye dirisha. Mimi nilikuwa nakusanya viingilio nikifunga shule. Siku za mieleka watu walikaa hadi sakafuni. Undertaker wakati ule alikuwa ameacha kuingia kama mzimu, anaingia na pikipiki, na nyuma yake gitaa la bendi ya Limp Bizkit linanguruma. Mabenchi yote yanasimama. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Rock ilifika Mwanjelwa hivyo, mwanangu, imepanda pikipiki ya mcheza mieleka.

Kanda ya Linkin Park ililetwa na dereva wa lori wa Kizambia aliyekuwa anapita Tunduma kila mara. Ilikuwa albamu yao ya kwanza, ya Oktoba 2000. Kule Marekani mwaka 2001 hakuna albamu iliyouzwa kuliko hiyo, ila mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba kuna kijana mmoja anarap kwa utulivu, na mwingine anapiga ukelele kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo umepotea. Mwaka ule babu yako alikuwa amepunguzwa kazi. Nyumbani hakuna aliyelisema. Unajua kwetu mtu haulizwi kama ana huzuni, anaulizwa kama amekula. Mimi nilikuwa na miaka 16, nikaona angalau kuna mtu huko ng'ambo anapiga kelele kwa niaba yangu.

Baada ya wewe kuondoka nimekaa usiku kadhaa nikisoma kwenye simu kuhusu hawa watu mnaowacheka. Baba yako anasema nimerudi kidato cha tatu.

Hawa Nickelback wanatoka Hanna, mji mdogo wa jimbo la Alberta, Kanada, wenye watu wasiofika 3,000. Ni kama bendi itoke Matamba ijaze viwanja vya dunia. Albamu iliyowapa jina Marekani iliingia madukani tarehe 11 Septemba 2001, siku ileile ya majengo ya New York, na bado ikauzwa mno. Mwaka uliofuata, kwenye tamasha moja Ureno, watazamaji wakawarushia mawe na chupa mpaka wakashuka jukwaani. Mwaka 2011 walialikwa kupiga wakati wa mapumziko ya mechi Detroit, watu zaidi ya 50,000 wakaweka majina kwenye ombi la kuwazuia. Walipiga hivyohivyo. Mwaka 2016 polisi wa mji mmoja wa Kanada, nchini kwao kabisa, wakatangaza kwamba dereva atakayekamatwa amelewa atasikilizishwa Nickelback ndani ya gari hadi kituoni. Baadaye waliomba radhi.

Sasa wewe ni mtu wa hesabu. Bendi hii imeuza albamu zaidi ya milioni 50. Kama kila mtu anaichukia, nani alizinunua? Mimi jibu ninalo: wapo wengi kati ya wanaocheka ambao wanazo nyumbani.

Sikatai kwamba kuna ya kuchekwa. Kuna mtu alichukua nyimbo zao mbili, akaiweka moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, zikaenda pamoja kama suruali na mkanda. Hapo mimi kama fundi nanyamaza. Ukikata magauni ishirini kwa kipimo kimoja, mteja ataona tu, hata ukibadilisha vifungo. Na wale Creed, bendi nyingine ya Marekani, na mwimbaji wao wa kutanua mikono kama yuko msalabani! Baada ya onyesho lao moja karibu na Chicago, Desemba 2002, mashabiki wanne waliwapeleka mahakamani wakidai hela zao. Kesi ikatupwa, lakini nilicheka peke yangu kwenye cherehani.

Ila wabaya wa gitaa ni wengi duniani na hawarushiwi mawe. Kuchukiwa namna hii kuna sababu nyingine, na mojawapo unaijua ukipita tu hapa sokoni. Wimbo ukivuma, duka la simu la kwanza linaupiga, la pili linaupiga, bajaji inaupiga, na anayeuza sumu ya panya naye ana spika yake. Jioni unamchukia mwimbaji ambaye hajakukosea lolote. Marekani ilikuwa hivyohivyo, tena kwa sheria. Mwaka 1996 waliondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Miaka michache baadaye kampuni moja, Clear Channel, ikawa na vituo zaidi ya 1,000. Orodha za nyimbo zikafanana toka mji hadi mji. Mtu anasafiri siku mbili kwa gari na wimbo unamfuata. Makosa ya spika tukambebesha mwimbaji.

Halafu angalia wapenzi wa nyimbo hizo ni akina nani. Watoto wa miaka 14. Wasichana wenye wanja jingi. Mafundi magari wa miji isiyojulikana. Kitu kikipendwa na watu wa namna hiyo kinakosa heshima kabla hakijasikilizwa, kwa sababu mwenye kukicheka anapata daraja hapohapo: amejitenga nao. Sisi wa nyanda za juu tunalijua hili kuliko wengine. Kijana wa Makete akifika Dar es Salaam lafudhi yake tu inatosha kuwa kichekesho, na wa kwanza kumcheka ni mwenzake wa Njombe aliyetangulia miezi sita.

Bongo Fleva hii mnayoiona ina maana leo, babu yako aliiita muziki wa wahuni. Wazee wengi waliiita hivyo. Na mwaka 2010 mji huuhuu wa Mbeya ukamchagua rapa Sugu kuwa mbunge. Sijui wale wazee walipiga kura ya nani, babu yako hakusema.

Hata hao wapenzi wa rock nao walikuwa na zamu yao ya kucheka. Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli Chicago, lilipuliwa boksi zima la santuri za disko kati ya mechi mbili. Vijana wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Disko ulikuwa muziki wa watu weusi, wa Walatino na wa mashoga, hilo kila mtu alilijua. Miaka ikapita, rungu likageuka likawarudia watu wa magitaa. Na pengine halikuwa rungu la maneno tu. Machi 2008, mji wa Querétaro huko Meksiko, mamia ya vijana walikusanyika kuwapiga wenzao kwa sababu ya nywele zilizofunika uso na nyimbo za huzuni. Mwito wa kukusanyika ulisambaa mtandaoni, palepale panapopita vichekesho kama vile ulivyonionyesha.

Nakuja kwenye lililonikosesha usingizi.

Huko Iringa uliko utakuwa umeshasikia ule utani wa Wahehe na kamba, kwamba wakiudhika kidogo tu wanajinyonga. Sisi Wanyakyusa tunausema tukitafuna, watani wanajibu, siku inapita. Lakini kaa nao kwenye msiba wa kweli uone kama kuna anayeusema. Tunacheka kwa sababu linatutisha, na mtu akilitaja jambo hilo bila kutabasamu tunamwona amevunja adabu. Yule mwimbaji wa Linkin Park, Chester Bennington, hakutabasamu. Alisema hadharani kwamba akiwa mtoto alidhalilishwa na mtu aliyemzidi umri, akasema kuhusu pombe na dawa za kulevya, na nyimbo zake zikayarudia hayo mwaka hadi mwaka. Wakamwita mlalamishi. Wakasema tajiri gani huyo analia, kashiba analia njaa. Mei 2017 walitoa albamu ya taratibu, hata baadhi ya mashabiki wao wakageuka wakasema wamejiuza. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo alijiua. Alikuwa na miaka 41 na watoto sita.

Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umelala kwenye mkeka kando yangu nilipoisikia habari kwa mteja. Nilikuwa napinda suruali ya sare. Niliendelea kupinda. Jioni nikagundua nimepinda mguu mmoja mara mbili.

Sisemi vichekesho ndivyo vilivyomuua. Maumivu ya nafsi ya mtu hayana sababu moja, na atakayekwambia anaijua anadanganya. Nasema tu kwamba alikuwa anaeleza kitu cha kweli, na watu wakakipa jina la kulialia ili wasikisikilize. Ukiona bwenini mtu anaongea maneno ya kukata tamaa, hata kwa mzaha, nenda kwa patroni siku hiyohiyo. Usingoje.

Na sasa nikwambie la kwangu, kabla mjomba wako hajakusimulia kwa namna yake.

Kidato cha tatu bwenini kwetu kulikuwa na msichana mpole, kitanda chake kinatazamana na changu. Alikuwa na daftari la nyimbo, kama tulivyokuwa nalo wengi, ila la kwake halikuwa na nyimbo za mapenzi. Alikuwa ameandika zile za kanda ya mjomba wako, kwa sababu kanda nilimwazima mimi. Alisikiliza kwa tabu, anarudisha nyuma, anaandika anavyosikia, Kiingereza nusu na kubahatisha nusu. Pembeni aliandika mambo yake ya nyumbani. Jumamosi moja wakubwa wa bweni walikuwa wanatafuta wa kumcheka, na macho yao yalikuwa yanaanza kunijia mimi. Nikalichukua lile daftari, nikapanda juu ya kitanda, nikalisoma kwa sauti. Na ya pembeni niliyasoma. Nilikuwa na kipaji cha kuigiza sauti, unajua. Bweni zima lilianguka kwa kicheko.

Yeye hakulia. Alinirudishia kanda kesho yake, ameifunga kwenye karatasi. Na mimi daftari langu, lenye nyimbo zilezile, lilikuwa chini ya godoro muda wote ule nikisoma la kwake.

Tulionana tena mwaka juzi, msibani Tukuyu, tunamenya ndizi nyuma ya nyumba na akina mama wengine. Nilimtambua mimi kwanza. Tukasalimiana, tukaulizana watoto wangapi. Nikawa natafuta namna ya kuanza, kisu kinaenda chenyewe. Akanitangulia. Akasema, bila ubaya wowote usoni, "Ulikuwa unasoma vizuri wewe. Nilidhani utakuwa mtangazaji." Kisha akaomba apitishiwe beseni.

Sikusema samahani. Nilipitisha beseni.

Maparachichi sita ni yako na sita ni ya huyo mtoto wa kidato cha kwanza. Yaliyo chini bado mabichi, yafunike na gazeti. Karanga mtagawana mtakavyojua. Mpe jina lake alilopewa kwao.

Redio kaseti ya mjomba wako imepata mkanda mpya kwa fundi wa Kabwe. Kanda bado ninayo, upande wa pili sauti inayumba kidogo. Ukija Desemba utaikuta juu ya kabati.

Ndaga fijo kwa ile ripoti ya mtihani, baba yako ameionyesha hadi kwa muuza mkaa.

Mama yako