Kabla hamjazima mashine, hesabuni watu

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, pamoja na habari za kiwandani: ovataimu inayolipwa pungufu, vibarua waliokaa miaka miwili bila karatasi yoyote, na wenzako wa zamu ya mchana wanaotaka kuzima mashine Jumatatu. Hasira yao ni ya haki kabisa. Hata hivyo waombe waiache hiyo Jumatatu ipite. Mgomo wa ghafla hauna ulinzi wa sheria, na mwajiri mwenye wakili mzuri huufurahia, kwa kuwa unampa sababu ya kuwaondoa wale wale anaowahofia. Nakuandikia utaratibu. Usome na wenzako taratibu, msiruke hatua.

Anzeni kwa kuyagawa madai yenu mafungu mawili, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayapitisha njia mbili tofauti. Jambo ambalo tayari ni haki yenu kwa sheria au kwa mkataba, kama ovataimu, posho ya usiku na likizo ya siku 28 kwa mwaka, ni lalamiko. Lalamiko haligomewi, linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo mjini kila mtu anaiita CMA. Jambo ambalo bado si haki ila mnalitaka, kama nyongeza ya mshahara juu ya kima cha chini, chakula, au gari la kuwarudisha watu wa usiku majumbani, ni mgogoro wa maslahi. Hilo ndilo linaloweza, mwisho wa safari ndefu, kufika kwenye mgomo halali. Nimesoma orodha yako: karibu yote ni malalamiko. Mngegoma Jumatatu mngegomea vitu ambavyo sheria imeshawapa na njia ya kuvidai ipo.

Tuchukue hiyo ovataimu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Zinazozidi hapo ni ovataimu, nayo haitakiwi kuvuka saa 50 katika wiki nne, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Wizi hauko kwenye hiyo mara moja na nusu, uko kwenye kigawanyo. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za wiki, yaani 4.333 × 45, ambayo ni saa 195. Mtu wa shilingi 300,000 saa yake ni 1,538, na ya ovataimu ni 2,307 na senti. Wahasibu wengine hugawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8, wakapata 1,250, na ovataimu ikawa 1,875. Kwa saa 50, mtu huyo amepunjwa zaidi ya shilingi 21,000. Wekeni hesabu hii kwenye karatasi moja mbele ya watu kumi wenye slipu zao mkononi, mtaona chumba kinavyobadilika. Anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi anaongezewa asilimia 5 kwa kila saa, na kama saa hizo ni za ovataimu, hiyo asilimia 5 inahesabiwa juu ya malipo ya ovataimu.

Ushahidi ndio unaoangusha kesi nyingi. Kila mtu awe na daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la supavaiza wa zamu. Apige picha ubao wa zamu na kadi ya mahudhurio, atunze slipu zote na ujumbe wa simu wa malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Angalieni muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, malalamiko mengine yana siku 60. Inajazwa Fomu Namba 1, nakala anapelekewa mwajiri kwanza na uthibitisho wa kuipokea unachukuliwa, kisha ndipo fomu inafunguliwa Tume. Hakuna ada. Akitokea mtu getini kuwaambia kuna ya kulipia, huyo ni tapeli. Anayechelewa anatakiwa kuomba aongezewe muda kwa sababu za msingi, na "nilikuwa nasubiri bosi anirudishe" mara nyingi haipokelewi. Kuna mtego mwingine: aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kutumia kinga ya kuachishwa isivyo haki. Kwa hiyo vijana wapya msiwatangulize mbele.

Sasa chama. Kusajili chama kipya kunahitaji mkutano wa waanzilishi wasiopungua 20, lakini hamna haja hiyo. Viwanda na biashara vina TUICO, na ipo kwa ajili hiyo hiyo. Najua wazee wa mtaani watakwambia chama ni makato tu kwenye slipu. Usiwabishie kwa ukali, wana historia yao. Makuli wa bandari yetu waligoma Septemba 1947, mgomo ukaenea mji mzima na kupanda na reli ya kati kwenda bara. Vyama vikakua na nguvu, lakini mwaka 1964 vikavunjwa na kuwekwa kimoja, NUTA, chini ya serikali na chama tawala. Kikawa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Watu wazima wa leo walikulia kwenye chama ambacho mwanachama hakukichagua wala hakuweza kukihoji. Kuwajibu ni kwa vitendo: mikutano inayofanyika, viongozi wanaopigiwa kura, mapato na matumizi yanayosomwa hadharani.

Uanachama unaingia kwa fomu ya TUF.6, ambayo mfanyakazi anaijaza na kusaini kuruhusu makato. Kwa ada ya asilimia 2, mwenye 300,000 anakatwa 6,000 kwa mwezi. Mwambieni kabla hajasaini, asije akashtuka mwisho wa mwezi akajitoa na kuwakatisha tamaa wengine. Mwambieni pia kwamba anaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya fedha hizo kwa kila siku.

Kukusanya hizo fomu ndiyo kazi yenyewe, na hapa nataka uwe mwangalifu kuliko pengine popote. Chora ramani ya kiwanda: kila idara, kila zamu, nani anasikilizwa na wenzake, nani anaishi wapi. Kwenye kila idara yupo mtu mmoja ambaye akisema jambo watu wanatulia. Mara nyingi si msemaji wa kelele. Anaweza kuwa mama wa ufungashaji ambaye watu humkopa nauli. Huyo ndiye wa kumfuata. Zungumzeni na mtu mmoja mmoja, kwa mama lishe, kituoni, nyumbani kwake Kiwalani au Gongo la Mboto, na msikilize zaidi ya mnavyosema. Muulizeni kinachomuuma yeye, msimpe orodha yenu. Fomu zisipite kwenye kundi la WhatsApp, maana skrinishoti moja inafika ofisini kabla ya chai ya saa nne. Na kumi wa kwanza wasitoke idara moja. Wakitoka wote kwa mafundi, itasemwa ni chama cha mafundi, nao watapangiwa zamu tofauti wiki hiyo hiyo.

Supavaiza anaruhusiwa kujiunga. Wanaozuiwa kuwa kwenye chama chenu ni mameneja wa ngazi ya juu, wale wanaotunga sera kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kusaini mikataba ya pamoja.

Mkifika wanachama 10, chama kinaweza kufungua tawi hapo hapo kiwandani. Fomu na barua zipelekwe na afisa wa chama kutoka ofisi ya mkoa, si wewe, na nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Chama kinaarifu kwamba kinataka kutumia haki zake, yaani kuingia eneo la kazi, kuandikisha, kufanya mikutano na kukatiwa ada, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikaa kimya, suala linakwenda CMA kusuluhishwa. Msitishike na ukimya, hesabuni siku tu.

Wawakilishi wanapatikana kwa idadi: wanachama 1 hadi 9 mwakilishi 1, wanachama 10 hadi 20 watatu, 21 hadi 100 kumi, zaidi ya 100 kumi na tano. Penye zaidi ya 100, watano angalau wawe wa kuwakilisha wanawake. Msingoje sheria iwalazimishe. Ufungashaji kwenu ni wanawake watupu, na mambo ya msimamizi anayetaka "shukrani" ili atoe ovataimu hayatasemwa mbele ya kamati ya wanaume.

Nguvu ya kujadiliana inakuja na wingi. Kama wanaohusika ni 180, mnahitaji 91. Lengeni 110, kwa sababu mwajiri atahakiki majina, na baadhi yatapungua: aliyehama, aliyesaini mara mbili, ambaye saini yake haifanani. Chama chenye wengi kikitoa notisi, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30 ili kusaini mkataba wa kutambuana. Baada ya hapo ndipo mnaingia kwenye mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi. Mnayo haki ya kupewa taarifa zinazohusika ili mjadiliane kwa maana, kwa hiyo ombeni kwa barua: idadi ya watu kwa kila daraja, mishahara, saa za ovataimu. Mkiingia na dai la "mishahara ipande" mtatoka na ahadi. Ingieni na jedwali la madaraja, kiasi, tarehe ya kuanza, na kipengele cha nini kitafuata ikikiukwa. Mkataba ukisainiwa unawabana pande zote mbili, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Mazungumzo yakikwama kwenye maslahi, mgogoro unapelekwa CMA, usuluhishi una siku 30, ukishindikana chama kinaitisha kura kwa katiba yake, na walio wengi wakikubali mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Kwenye mgomo halali hamfukuzwi kwa kugoma na mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu. Lakini hamlipwi mshahara wa siku hizo, na ninyi hamruhusiwi kuweka kizuizi getini wala kumfungia bosi ndani au nje. Anzeni kuchangishana mapema, hata kwa kijumbe, vinginevyo siku ya nne kodi ya nyumba ndiyo itakayowarudisha kazini.

Mwisho ni vibarua. Nao ni wafanyakazi mbele ya sheria, waandikisheni kwa usawa na wa kudumu. Wakiachwa nje, msimu ukifika wataongezwa 60 na wingi wenu utageuka uchache. Chama kikipoteza wingi, mwajiri anakipa notisi ya miezi 3 kiurudishe, kisipoweza anaondoa utambuzi. Kila tarehe mosi katibu wa tawi alinganishe daftari la wanachama na idadi ya watu walioko kiwandani, na majina mapya yafuatwe wiki hiyo hiyo.

Nitumie idadi ya kila idara na kila zamu ukiipata, nikusaidie kupanga kumi wa kwanza. Msalimie mkweo, watoto nawabusu.

Mama yako
Dar es Salaam