Shukrani kwa fundi simu wa stendi ya Kondoa

Nauli ya safari ya wanafunzi wetu kwenda Kilwa haikutimia, basi tukapatana na mwalimu wa huko: wanafunzi wake watuoneshe magofu ya Kilwa Kisiwani kwa video, wetu wawaeleze michoro ya miambani ya Kolo, huku kwetu Kondoa. Saa nne kamili, umeme ukakatika. Watoto wote macho kwangu!

Kaka, jina sikukuuliza. Ulifunga kibanda, ukaja na bodaboda umepakata betri ya sola na inveta, ukawasha projekta, ukatugawia intaneti kwa bando lako. Picha ilipoganda ukazima kamera yetu, sauti ikanyooka. Ulikaa mpaka swali la mwisho (mtoto wa Kilwa aliuliza kama twiga wa Kolo wamechorwa kwa chaki!). Hela ya bando ukaikataa.

Wenye simu mbovu Kondoa, mpelekeeni yeye.