Pawa saplai yako haikuwa na kosa

Igogo, Mwanza
Jumapili usiku

Kaka Deo,

Za Bukoba? Hapa nyumbani hatujambo, Mama Neema anakusalimu na watoto wanauliza lini utaleta senene. Mimi nimekaa kuandika kwa sababu nina deni na wewe, na si la hela.

Najua maneno yangu yalishakufikia. Ni kweli, nilisema mbele za watu kwamba ile pawa saplai, boksi la umeme la kompyuta, uliyoniachia ulipohama ni kimeo, na kwamba ndiyo inayoniulia kompyuta. Nilisema zaidi ya mara moja. Basi leo nakuandikia pawa saplai ni ileile, inavuma chini ya meza, na kompyuta haina neno. Aliyekuwa anakufa ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini. Naomba radhi, kaka. Sasa nikusimulie, maana kadi yako ni pacha wa hii yangu iliyokufa, GTX 1060, na umri wake ni huohuo.

Nilikuwa na harusi tatu za kuediti. Nikikata video, skrini inaganda, inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, inarudi, na pembeni kuna ujumbe kwamba draiva ya grafiki, ile programu inayoiongoza kadi, ilikwama ikaanzishwa upya. Sikujali. Kwa umeme wetu huu mtu huzoea mambo. Kisha siku moja bibi harusi anaingia ukumbini, na juu ya shela lake kukatokea miraba ya kijani na zambarau, midogo kama punje za mtama, imejipanga mistari kana kwamba imeshonwa. Nikasimamisha video. Bibi harusi akatulia, miraba ikaendelea kumetameta. Mama Neema alikuwa anapita na beseni la nguo, akachungulia, akauliza kama siku hizi mashela yanakuja na urembo wa namna hiyo.

Nikaanza na waya, kama kila mtu. Nikabadilisha HDMI, bila bila. Nikabeba TV ya sebuleni wakati watoto wanaangalia katuni (hiyo nayo ni kesi nyingine), miraba ikahamia kwenye TV. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya dakika ya kwanza ningeokoa siku mbili. Nilipiga picha ya skrini, ile ya kitufe cha kibodi, si kupiga kwa kamera ya simu, nikajitumia WhatsApp. Nikaifungua kwenye simu: miraba ipo. Ubovu ungekuwa wa monita au waya, picha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ingekuwa safi, kwa sababu uchafu ungeingia njiani. Hii ilichafuka kabla haijatoka mlangoni.

Ikabaki draiva au kadi yenyewe. Nikaingia Safe Mode, pale Windows inapowaka na vya lazima tu, nikafagia draiva yote kwa DDU, programu ya kufutia draiva, nikaweka ya zamani. Siku nzima shwari. Nikamshukuru Mungu, nikapokea advansi ya harusi ya nne. Kesho yake nawasha, hata Windows haijaanza, pale kwenye nembo ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) tu, mistari imeshajaa. Saa hiyo draiva bado imelala. Nilipaswa kuelewa palepale, ila advansi nilikuwa nimeshaila, na mtu aliyekula advansi hataki kusikia kwamba kadi imekufa. Kompyuta ikaanza kuzima picha moja kwa moja huku feni zikipiga kelele kama ungo wa kupepetea. Nikasoma mahali kwamba pawa saplai dhaifu inaweza kuifanya kadi itende vituko, jambo ambalo ni kweli, na hapo ndipo jina lako lilipoingia.

Kukulaumu nilikulaumu kwanza, kupima nikapima baadaye. Niliazima mita kwa fundi redio wa hapa mtaani. Nikachomeka ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa ile plagi ya pini nne isiyotumika, nyeusi kwenye waya mweusi. Volti 12.1. Nikaanzisha kurenda, yaani kompyuta iitengeneze video ya mwisho, ikashuka hadi 11.9, ikatulia hapo. Inaruhusiwa kushuka mpaka 11.4, kwa hiyo ilikuwa haijafika hata karibu. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza, magoti yananiuma, nasubiri ikusaliti. Skrini ikazima mbele ya macho yangu, na mita bado inasoma 11.9. Deo, niliona aibu peke yangu mle chini.

Nikaifungua kadi. Unalijua dirisha langu, linatazama ziwa. Unawajua pia wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, asubuhi ukitazama kule Capri Point unadhani kuna mtu amechoma majani. Usiku wanafuata mwanga, na mimi ndiye ninayekesha na taa. Feni zilikuwa zimewanyonya mwaka baada ya mwaka. Katikati ya vile vibati vya kupoza nilikuta mkeka wa kahawia, mbawa na vumbi vimeshikana, nikauinua kwa kibanio ukatoka mzima kama ukoko wa wali. Ile pesti ya joto juu ya chipu ilikuwa imekauka, inamenyeka kama chokaa. Nikapiga brashi ya rangi, nikapaka pesti mpya, joto likatoka nyuzi 84 likashuka 67 kwa kazi ileile.

Miraba haikupungua hata mmoja.

Nilivyoelewa mimi ni hivi: kuizunguka chipu kubwa kuna chipu za kumbukumbu za kadi yenyewe, si hii RAM ya kompyuta. Zote zimeshikwa kwenye ubao kwa vipunje vidogo sana vya risasi ya kulehemu. Joto linapanda unapofanya kazi, linashuka ukizima, vipunje vinatanuka na kusinyaa, mwisho vinapata nyufa, au chipu yenyewe inachoka. Kusafisha kunasaidia hayo yasitokee mapema. Yakishatokea, brashi haina dawa.

Kuna fundi mmoja mjini akaniambia anaweza kuipiga hewa ya moto, risasi iyeyuke kidogo ishike tena. Elfu thelathini. Akanitahadharisha kwamba haidumu, ndiyo maana simlaumu. Ilidumu siku tisa. Ningezila zile elfu thelathini sato wa kukaanga na ugali ningeshiba vizuri zaidi.

Ushahidi wa mwisho ulitoka kwa kijana wa kibanda cha gemu, aliyeniazima GT 710 yake kuukuu. Kadi yenyewe ndogo kama kiganja, haihitaji hata waya wa umeme. Wewe huenda ukauliza kwa nini sikuchomoa tu kadi nikatumia grafiki ya ndani ya prosesa. Prosesa yangu ni i5-9400F, na hiyo F mwishoni maana yake haina grafiki ndani. Yako sikumbuki, angalia kabla hujahitaji. Kwa kadi ya kijana nilikaa siku mbili, kompyuta inajikokota kama punda mgonjwa kwenye video, ila hakuna mraba, hakuna kuzima. Pawa saplai yako ileile, mazabodi ileile, RAM ileile. Nikamaliza kubishana.

Kununua sasa. Nilitamani RX 580, zipo nyingi za mtumba na bei inavutia. Lakini inakula wati 185 na inataka plagi ya pini nane. Pawa saplai yako ni ya wati 450, ina pini sita moja tu. Kuna waya za kuunganisha plagi mbili za kawaida zikawa pini nane, wanaziuza kwa bei ya soda, na sizitaki ndani ya nyumba yenye watoto. Halafu kadi nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni. Uchimbaji wa sarafu iitwayo Ethereum kwa kadi uliposimama Septemba 2022, zile kadi zilimwagwa sokoni. Si kila moja mbovu, ila muuzaji hatakwambia ipi iliyokesha miaka miwili bila kuzimwa.

Nikaamua RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka 2024. Inakula wati 70, na sloti ya mazabodi yenyewe inatoa hadi 75, kwa hiyo haichomekwi waya wowote. Ukiitafuta, sema GB 6 kwa sauti: ipo ya GB 8 yenye jina hilohilo, na hiyo inataka pini nane. Mpya, na waranti, laki sita na ishirini toka Kariakoo. Nikamwambia Mama Neema nahitaji laki sita za kadi. Akanyamaza, akauliza, “Kadi ya harusi ya nani hiyo?” Nilivyomweleza, akasema bora ingekuwa mchango, huko angalau tungekula pilau.

Ikaja kwa basi la usiku. Kufunga ni kazi ya robo saa. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza swichi umeme uliobaki uishe, nikashika bati la keisi mikono itulie. Skrubu mbili nyuma. Kinachosumbua ni kile kishikizo cha plastiki mwisho wa sloti, kimejificha chini ya kadi na kidole hakifiki. Nikakisukuma kwa kalamu ya Bic hadi kikasema tak, usije ukaing'oa kadi kwa nguvu kabla ya hiyo tak. Mpya ikaingia, tak tena.

Nikawasha. Giza. “Hakuna mawimbi.” Moyo ulinipasuka, nikaanza kukufikiria tena wewe na pawa saplai yako, Mungu anisamehe. Nikaichomoa kadi, nikairudisha. Giza. Neema, mwenye miaka kumi, ndiye aliyechungulia nyuma akauliza kwa nini waya wa skrini umechomekwa huku juu wakati kitu kipya kiko huku chini. Nilikuwa nimeuchomeka kwenye mazabodi, kwa prosesa ile ile isiyo na grafiki niliyoisimulia kwa mbwembwe hapo juu.

Harusi tatu zimetoka, ya nne naimaliza wiki hii. Shela ni jeupe.

Ulisema feni ya kadi yako inakwaruza. Feni mbili za marehemu ni nzima na zinafanana na zako, nimezifunga kwenye boksi na chupa ndogo ya pesti. Nazipakia basi la Jumatano. Siku hizi linapita darajani Busisi, halingoji kivuko, kwa hiyo uwahi stendi. Ukizifunga, kile kiplagi chake kidogo kivute kwa kucha pembeni, usivute nyaya.

Wako,
Masanja