Dozi za mtoto wa sikoseli zisikae kichwani mwa mama peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Juni 19, Siku ya Selimundu (yaani sikoseli) Duniani, magazeti yetu, la kwenu likiwamo, hujaa habari za wachumba kuhimizwa wapime damu kabla ya ndoa. Ushauri ni mzuri, ila hauwafai waliokwisha kuzaa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, na sehemu kubwa ya maisha yao wanaishi nyumbani, si wodini. Sisi ni wauguzi wa kliniki ya watoto Kanda ya Ziwa. Tunachokiona kikiziangusha familia si uhaba wa dawa pekee, bali ni kwamba nyumba nzima ina mtu mmoja tu anayejua la kufanya, naye ni mama. Akienda msibani mkoa mwingine au akilazwa kujifungua, mtoto anabaki na watu wanaompenda lakini hawajui dalili hata moja.

Tuanze na homa, maana ndiyo inayoua haraka. Kazi mojawapo ya bandama ni kuchuja vijidudu kwenye damu. Kwa mtoto wa sikoseli, chembe za damu zilizojikunja huiziba bandama mpaka ikachakaa mapema, mara nyingi kabla hajatimiza miaka mitano. Ikishachakaa, bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo hawana wa kuwazuia, na mtoto aliyecheza asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni. Kwa hiyo kipimajoto kiwepo nyumbani na kila mtu mzima ajue kukisoma. Kikionyesha nyuzijoto 38 au zaidi, safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo, usiku au mchana. Paracetamol apewe, lakini isiwe sababu ya kukaa kuangalia kama homa itashuka. Kosa jingine tunalokutana nalo sana ni hili: mtoto anapimwa malaria zahanati, kipimo kinasoma chanya, anapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Malaria na bakteria huweza kumwingia kwa pamoja. Mzazi aseme kwa adabu, "Daktari, mtoto huyu ana sikoseli, naomba aangaliwe na maambukizi mengine." Sentensi hiyo baba anaweza kuisema, bibi anaweza, na dada wa kazi pia.

Kinga ya kila siku ni penisilini V ya kunywa, asubuhi na jioni, mpaka atimize miaka mitano. Dozi inayotumika sana ni miligramu 62.5 kila mara kwa asiyetimiza mwaka, 125 kuanzia mwaka mmoja, na 250 kuanzia miaka mitatu, ingawa neno la mwisho ni la daktari wake. Kwa kidonge cha miligramu 250, hiyo ni robo, nusu, na kizima. Robo na nusu zisagwe kati ya vijiko viwili, zichanganywe na maji kidogo au maziwa ya mama, na zinyweshwe papo hapo. Dawa ya maji ni rahisi kumeza, lakini ikishachanganywa huhitaji friji na haidumu siku nyingi, hivyo nyumba isiyo na umeme wa uhakika ni afadhali ichague kidonge. Dozi inayosahaulika zaidi ni ya jioni: mtoto hulala mapema, na kila mtu anadhani mwenzake ameshampa. Dawa ya tatizo hilo ni kugawana. Mtu mmoja ashike asubuhi, mwingine jioni, na aliyetoa aweke alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati. Wengi huacha penisilini kwa kuwa mtoto amechangamka. Hiyo ni dawa ya siku ambazo mtoto haumwi chochote.

Bandama ina balaa jingine. Kwa wadogo, hasa wa miezi sita hadi miaka mitano, inaweza kunasa damu nyingi ghafla na kuvimba ndani ya saa chache. Wakati huo damu inayozunguka mwilini hupungua mno. Kila anayemwogesha mtoto afundishwe kuipapasa. Mlaze chali, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Weka vidole vikiwa vimelala karibu na kitovu, kisha vipandishe taratibu kuelekea chini ya mbavu za kushoto huku akivuta pumzi. Ikiwa imekua, utahisi ukingo mgumu unaogonga vidole. Pima kwa upana wa vidole kuanzia ubavuni: sifuri, kimoja, viwili. Andika. Fanya hivyo siku za uzima ili mkono uzoee, kwa sababu wapo watoto wenye bandama ya vidole viwili siku zote na hawana shida, na hofu ni pale inapokua kuliko kawaida yake. Ikiongezeka, huku viganja na ulimi vimepauka na mtoto amelegea, usisubiri kliniki ya Alhamisi.

Maumivu nayo. Dalili ya kwanza kwa mtoto mchanga mara nyingi ni vidole au migongo ya viganja na miguu kuvimba. Hapo nyumba huanza kutafuta nani kamwangusha, na dada wa kazi ndiye hutuhumiwa kwanza. Kabla ya kumfukuza mtu, mpeleke mtoto akapimwe. Kwa maumivu yasiyo na homa, nyumbani hutumika paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kwa chupa iliyoandikwa 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Zipo chupa za 250 kwa mililita 5 na hapo ndipo watu hukosea, kwa hiyo soma chupa kila unaponunua. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kilo kila baada ya saa nane, baada ya kula. Kwa mtoto huyohuyo na chupa ya 100 kwa mililita 5, ni mililita 6. Asipewe kama anatapika, hanywi maji au ana tatizo la figo. Aspirini asipewe kabisa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani vijiko vya chai havilingani. Kitambaa cha uvuguvugu kinasaidia, barafu inazidisha. Saa moja ikipita baada ya dawa bila nafuu, au maumivu yakiwa kifuani, au akipumua kwa shida, nendeni hospitali.

Wapo wa kiume ambao uume husimama kwa uchungu bila kulegea, hata wakiwa wadogo, na familia huona haya kusema. Anywe maji, akojoe, aoge maji ya uvuguvugu. Muda wa saa nne tangu usimame ukikaribia kutimia bila kulegea, ni dharura, na kuchelewa kunaweza kuharibu uume moja kwa moja. Mtoto aambiwe mapema kwamba hilo nalo husemwa kama jino linalouma.

Kuhusu maji, mtoto wa kilo 10 anahitaji angalau lita moja kwa siku, na kila kilo inayozidi hapo, mpaka 20, huongeza mililita 50. Wa kilo 12 ni lita 1.1, na siku ya joto au homa aongezewe nusu yake. Maziwa, uji mwepesi na mchuzi huhesabiwa. Tatizo ni usiku. Figo za mtoto wa sikoseli hushindwa kupunguza maji kwenye mkojo, kwa hiyo hukojoa kitandani kuliko wenzake, na bibi mwenye nia njema humnyima maji kuanzia magharibi. Huko ni kuuita ugonjwa. Tandika nailoni chini ya shuka, weka kanga ya kubadilisha, na mtu mzima anapokwenda kulala amwamshe akojoe. Kumchapa au kumwita kikojozi ni kumwadhibu kwa figo zake. Mwalimu wa chekechea naye aambiwe kwamba chupa ya maji na ruhusa ya kwenda chooni kwa mtoto huyu ni matibabu.

Sasa daftari. Liwe moja tu, dogo, likae kwenye mfuko pamoja na kadi ya kliniki, sweta na nauli ya usiku. Ukurasa wa kwanza uandikwe: aina ya ugonjwa, uzito na tarehe ya kupimwa, kundi la damu, dawa na dozi zake, dawa anazodhurika nazo, bandama ya kawaida, na wingi wa damu wa siku za uzima. Hili la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi wa watoto hawa huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita. Mganga mgeni akikuta 7 anaweza kukimbilia kuongeza damu, wakati hiyo ndiyo damu yake ya kila siku. Na aliyezoea 8 akishuka hadi 5, namba hiyo ya daftarini ndiyo inayopiga kengele. Macho ya njano nayo yaandikwe kama anayo siku zote, asije akatibiwa ini bure. Dawa za madini ya chuma na chupa za "kuongeza damu" asipewe bila kipimo: damu yake hupungua kwa sababu chembe zinavunjika mapema, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma cha ziada tayari.

Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya kupunguza makali ya sikoseli, inastahili barua yake. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo kwa watoto wa Kiafrika. Kinachoharibu nyumbani ni haraka: nafuu huchukua miezi, familia huacha mwezi wa pili. Vipimo vya damu visirukwe, na mjamzito asishike unga wake. Mbali na dawa hiyo, nyumba nzima ijue pia kwamba mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kupotea ghafla ni kiharusi hata kwa mtoto wa miaka mitatu, si mapepo.

La lawama tulimalize upesi. Ugonjwa huu hutoka kwa baba na mama wote wawili, na wote wakiwa wabebaji, yaani wenye urithi wa sikoseli bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa robo, hata kama wa kwanza tayari anaumwa. Kipimo cha "sickling" hakitenganishi mbebaji na mgonjwa, kwa hiyo ndugu zake wapimwe aina ya himoglobini. Na hao ndugu wazima wasisahauliwe. Tumeona nyumba ambazo yai na kiti cha karibu na mama ni vya mgonjwa tu, na wenzake wanaambiwa wasimguse atavunjika. Acheni wacheze naye, apumzike anapochoka. Wa miaka minane anaweza kabisa kupewa kazi ya kujaza chupa ya maji na kupiga simu kwa baba.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wa afya uchapishe jedwali la kukata na kubandika ukutani: uzito kuanzia kilo 5 hadi 20, mililita za paracetamol na ibuprofeni kwa kila aina ya chupa, maji ya siku, nyuzijoto 38 kwa wino mwekundu, na nafasi tupu ya kuandika damu na bandama ya mtoto. Daktari wa watoto alikague kwanza. Na tafadhali lichapwe kwa herufi kubwa, maana bibi ndiye atakayelisoma usiku.

Wauguzi wa kliniki ya watoto,
Mwanza.
(Majina yamehifadhiwa)